Kayaki ya bahari inakimbilia upepo: nikate nipandishe ncha, au niongeze pezi?

kafi_refu (Lang'ata)

Hamjambo wadau. Nina kayaki ya bahari ya faibaglasi, ya mtumba. Inalala Lang'ata lakini maji yake ni Kilifi. Urefu mita 5.2, upana sentimita 56, uzito kilo 26 ikiwa tupu. Tumbo ni V pana, mkuku (uti wa chini ya tumbo) umenyooka karibu wote, haina usukani wala pezi (kibao kinachosimama chini ya tumbo). Ina kuta mbili za ndani na vifuniko viwili vya duara, kipenyo sentimita 24. Mwendeshaji ni mimi, kilo 68, na mara nyingi sibebi mzigo.

Shida ni mbili. Upepo wa kusi ukipiga ubavuni, omo (ncha ya mbele) inageuka kuelekea upepo, na kuirudisha kunataka makafi matatu ya joshini (upande upepo unakotoka) kwa kila moja la demani (upande unakoelekea). Upepo ukilala, chombo hakitaki kupinda kabisa, hata nikikilaza upande.

Nimefikiria kukata omo na tezi (ncha ya nyuma), nipandishe kila ncha sentimita 3 ili mkuku upinde kama ndizi, kisha nifunge upya kwa faiba. Kuna fundi wa bampa na matangi kule Kariobangi Light Industries ambaye yuko tayari kuifanya. Naomba kujua: mpindo huo utaondoa shida zote mbili? Nitumie resini ya epoksi au ya poliesta? Na vifaa ninunue kiasi gani?

joshini_daima

Weka grenda chini kwanza. Shida zako mbili zinavutana, na kukata ncha zote mbili kutatibu moja na kuzidisha nyingine.

Kayaki ikitembea, omo inapasua maji ambayo hayajaguswa, nayo yanaibana pande zote mbili. Tezi inapita kwenye maji yaliyokwisha kuvurugwa, kwa hiyo inashikwa kidogo tu. Upepo wa ubavuni unasukuma chombo chote, lakini kinachoteleza ni tezi, na omo inabaki imeelekea upepo. Ndiyo maana ukiongeza kasi shida inazidi. Sasa ukipandisha tezi sentimita 3 unaondoa hata ule mshiko mdogo uliokuwepo. Utapata chombo kinachogeuka vizuri siku ya shwari, na siku ya kusi hakishikiki.

Omo ni habari nyingine. Kuipandisha yenyewe peke yake kunapunguza mshiko wa mbele, na hilo linasaidia kwenye upepo na kwenye kupinda pia. Kwa hiyo kama ni lazima ukate, kata mbele tu. Lakini fahamu ukubwa wa kazi yenyewe. Kupandisha ncha sentimita 3 kwa kuipinda mita 1.5 kutoka nchani ni pembe ndogo sana. Kayaki ikiwa na kina cha sentimita 30 hapo, unatoa kabari ya milimita 6 juu ya sitaha inayokwisha kuwa sifuri kwenye mkuku. Kabari ni ndogo, ila ili uitoe unakata sitaha na mbavu zote mbili, mkuku ukiachwa kuwa bawaba. Ukifunga, lazima uchonge kingo ziwe mteremko wa mara 12 ya unene: ganda la milimita 3 linataka sentimita 3.6 za mteremko kila upande, na tabaka za faiba nje na ndani. Ndani unafika kwa mkono mmoja kupitia tundu la sentimita 24. Pale mkuku ulipokunjika pia panabaki nundu ya kusawazisha kwa fila. Mtu akiteleza kidogo wakati wa kufunga, omo inatazama pembeni na hakuna pezi litakalonyoosha hilo.

Kabla ya yote hayo kuna jambo la uzito. Chombo cha mita 5.2 kwa 56 kwa kawaida huchorwa kubeba mtu pamoja na mzigo wa kambi. Wewe una kilo 68 na huna mzigo, kwa hiyo unaelea juu mno na upepo unapata ukuta mkubwa wa kusukuma. Kwa vipimo vyako, eneo la kayaki kwenye usawa wa maji ni kama mita 1.6 za mraba, maana yake kila kilo 16 hivi zinaizamisha sentimita moja. Chukua jerikeni ya lita 10, tia maji lita 8, ifunge sakafuni kwenye chumba cha nyuma, mita 1.6 hivi nyuma ya kiti. Ifunge kweli, kwa mkanda na vipande vya povu, kwa sababu mzigo unaoteleza wimbi likija unapindua mtu.

Wengine watakwambia usogeze kiti nyuma. Inasaidia, lakini piga hesabu: kilo 68 kwa sentimita 4 ni 2.7 (kilo mara mita). Maji lita 8 kwa mita 1.6 ni 12.8. Jerikeni inafanya karibu mara tano ya kazi ya kiti, na haihitaji hata tundu moja la drili.

Kama jerikeni inaondoa nusu ya tatizo, basi dawa ni kuongeza mshiko nyuma. Ongeza pezi dogo la kudumu chini ya tezi. Kuhusu kupinda siku ya shwari, hiyo dawa yake iko ndani: pedi za mapajani na za nyonga. Kama makalio yanacheza kwenye kiti, unainamisha mwili na chombo kinabaki kimelala sawa. Povu la seli zilizofungwa, lile la mikeka ya mazoezi, likatwe na kubandikwa kwa gundi ya viatu mpaka nyonga ziguse bila kubanwa. V pana inapinda vizuri sana ikilazwa, mradi mwendeshaji ana pa kushikia kwa magoti.

resini_na_msasa (Industrial Area)

Nakubaliana na mwenzangu, nami nitaongeza upande wa ujenzi. Pezi la kudumu ni kazi ya wikendi mbili na halikati kitu chochote.

Anza na la majaribio. Ukiwa majini, mwenzako aweke alama ya chaki pale maji yanapoishia nyuma. Pezi liishie hapo, lisiende kwenye sehemu ya tezi iliyoning'inia hewani, kwa sababu hapo halifanyi kazi. Kutoka alama hiyo pima sentimita 75 kuelekea mbele. Kata povu gumu la unene wa milimita 20 liwe pembetatu ndefu: sifuri mbele, milimita 60 nyuma. Futa tumbo kwa spiriti, likauke, ulibandike kwa tepu pana ya kijivu pande zote mbili. Halafu nenda majini upepo ukiwa ubavuni, piga makafi kumi sawa kwa sawa bila kurekebisha, utazame omo. Toka, kata kina milimita 10, rudi. Anza na kina kikubwa ukikate, usianze na kidogo ukaongeza, maana tepu iliyolowa haishiki tena.

Usitafute chombo kisichogeuka kabisa. Acha kiendelee kuelekea upepo kwa mbali sana. Pezi likizidi, omo inaangukia demani, na upepo ukiwa mkali huwezi kuirudisha tena kwa kafi. Hilo ni baya kuliko shida uliyonayo. Kwa umbo ulilotaja nategemea utaishia kati ya milimita 35 na 50.

Sasa la kudumu. Pindua kayaki juu ya matairi mawili. Vuta uzi kutoka ncha ya omo hadi ncha ya tezi na uchore mstari wa kati kwa penseli, kisha uhakikishe kwa kupima kutoka kingo mbili za sitaha. Usiufuate mkuku kwa jicho, mikuku mingi ya mtumba imepinda kidogo. Pezi likikaa milimita 3 nje ya mstari, kayaki itavuta upande mmoja maisha yake yote.

Kwa kiini, povu la PVC ni zuri. Ukilikosa, ubao wa saiprasi uliokauka vizuri unatosha na unavumilia kuburutwa mchangani, ila lazima uzibwe epoksi pande zote. Usitumie povu jeupe la maboksi ya televisheni ukiwa na resini ya poliesta, linayeyuka mbele ya macho yako. Povu la kopo la wajenzi nalo ni laini na linanyonya maji. Unene uwe milimita 20 kwenye shina na 12 chini, ukingo wa nyuma uwe na kona kali kiasi, wa mbele uwe wa mviringo.

Epoksi au poliesta: hapa chukua epoksi. Inashika juu ya poliesta kuukuu vizuri kuliko poliesta mpya inavyoshika. Lakini mwambie fundi wako mambo mawili mapema, kwa sababu mazoea ya bampa yatamponza. La kwanza, ule mkeka wa nyuzi zilizokatwakatwa aliouzoea umeshikizwa kwa gundi inayoyeyushwa na poliesta. Kwenye epoksi haulainiki vizuri na unabaki na madoa meupe. Nunua kitambaa kilichofumwa cha gramu 200 kwa mita ya mraba. La pili, hadena (kigandishi cha resini). Kwenye poliesta mtu huweka gramu 10 hadi 20 kwa kilo, na baridi ikija huongeza. Epoksi haiongezwi. Uwiano wake umeandikwa kwenye kopo, upimwe kwa mizani ya jikoni, na hadena ikizidi au ikipungua inabaki kunata daima na utaikwangua yote.

Mpangilio uwe huu. Futa nta kwa asetoni kabla ya kupiga msasa, maana ukianza na msasa unasukuma nta ndani ya mikwaruzo. Kisha msasa namba 80 mpaka mng'ao wa gelikoti (ngozi ngumu ya nje ya ganda) uishe, upitilize sentimita 8 kila upande. Bandika kiini kwa epoksi iliyotiwa unga wa silika mpaka isidondoke kijikoni. Jaza kona kati ya pezi na tumbo iwe mviringo wa milimita 12 hivi, kwa sababu kitambaa hakipendi kona kali, kinainuka na kuacha hewa. Epoksi hiyo ikiwa bado inanata kidogo, laza tabaka tatu za kitambaa zilizokatwa kimshazari, ya kwanza ipande tumboni sentimita 3, ya pili 5, ya tatu 7. Kwenye ukingo wa chini ongeza vipande viwili vyembamba, hapo ndipo mchanga unapokula.

Kiasi: kila tabaka ni kama sentimita 75 kwa 24 ukichukua wastani, kwa hiyo zote tatu ni zaidi kidogo ya nusu mita ya mraba, kama gramu 110 za kitambaa. Resini ya kulowesha ni uzito huo au zaidi kidogo, gundi na kona zinakula gramu 150 hadi 200. Seti ya nusu kilo inatosha na inabaki. Changanya gramu 100 kwa wakati, kwenye chombo kipana. Ukichanganya nusu kilo nzima kwenye kikopo kirefu itachemka na kutoa moshi kabla hujaimaliza.

Juu yake usipake gelikoti, juu ya epoksi haina uhakika wa kushika. Paka praima ya epoksi na rangi ya magari ya sehemu mbili, ile ya polyurethani. Rangi si urembo tu, jua linaila epoksi iliyo wazi mpaka iwe unga.

Na tafadhali, barakoa ya vumbi na glavu. Faiba piga msasa ukiwa umeilowesha, majirani wa Lang'ata wanaanika nguo.

pezi_shuka

Natofautiana kidogo. Pezi la kudumu linaondoa shida ya kwanza na kuongeza ya pili, na hapo dada ameshalalamika kwamba haipindi. Pezi la kushuka linamwacha aamue mwenyewe: juu siku ya shwari, nusu upepo wa ubavuni, chini kabisa upepo ukitoka nyuma.

Nalo linajengeka nyumbani. Ubao wa plaiwudi wa milimita 9 ndio kalibu. Ufunge tepu ya katoni, upake nta, uufunike tabaka nne za kitambaa na epoksi, kisha uuchomoe. Umepata kisanduku. Pezi lenyewe likatwe kwenye ubao mzito wa plastiki wa kukatia nyama ukiwa na unene wa milimita 6, kina sentimita 18 hadi 20, kwa hiyo linabaki na nafasi ya milimita 3 kwenye kisanduku. Nafasi ikiwa ndogo kuliko hiyo, punje moja ya mchanga inalikwamisha. Kisanduku kikae ndani ya chumba cha nyuma, si mwisho kabisa wa tezi: huko hakuna kina cha kukificha, na wimbi likipita pezi linabaki hewani. Mwanya ukatwe mdogo kwanza kwa diski ya milimita 1, umaliziwe kwa tupa.

Kamba ya milimita 4 ipite kwenye mrija wa nailoni wa breki za hewa za malori, wa kipenyo cha ndani cha milimita 6, hadi pembeni mwa kiti. Mrija uanzie juu ya usawa wa maji, la sivyo umejitengenezea bomba la kujaza kayaki. Na toboa tundu la milimita 4 kwenye kona ya chini ya pezi, ufunge kamba fupi. Kokoto zikilibana mkondoni Kilifi, mwenzako analivuta kutoka nje bila wewe kushuka.

resini_na_msasa

Hoja ya kisanduku naikubali kwa mtu aliyezoea epoksi. Kwa mara ya kwanza, tundu la sentimita 40 kwenye tumbo chini ya usawa wa maji si mahali pa kujifunzia. Na pezi la milimita 40 haliui kupinda: ukikilaza chombo, tezi inainuka na sehemu ya pezi inatoka majini.

kafi_refu

Asanteni sana, grenda nimeirudisha. Nitaanza na jerikeni, kisha povu na tepu. Maswali mawili ya Nairobi: kazi itaangukia Julai, baridi itaharibu epoksi? Na majaribio naweza kufanya Naivasha badala ya kusafiri hadi pwani?

resini_na_msasa

Julai usiku wa Nairobi unashuka hadi nyuzi 10 na kitu, na epoksi nyingi chini ya 15 zinalala tu. Laza kitambaa saa nne asubuhi, si jioni. Weka resini na hadena ndani ya nyumba usiku kucha ili zisiwe nzito asubuhi. Ukimaliza, tengeneza hema la karatasi ya nailoni juu ya tezi na utie balbu mbili za zamani za wati 100, zile zinazotoa joto, zikiwa mbali na kitambaa. Jiko la makaa ni marufuku humo: sumu ya moshi, unyevu, na asetoni iko karibu.

Asubuhi ukikuta utando unaoteleza kama mafuta, ni unyevu na baridi vimefanya hivyo. Osha kwa maji ya uvuguvugu na kitambaa cha kusugulia sufuria, kausha, ndipo upige msasa. Ukiupiga msasa bila kuosha, au ukiufuta kwa asetoni, unausambaza na tabaka inayofuata itabanduka. Kabla ya kuingia majini, ipe siku saba.

joshini_daima

Naivasha inafaa, upepo wa alasiri pale huwa wa kutosha. Ila viboko si mzaha. Uliza wenye mashua wapi wamelala siku hiyo, kaa mbali na mafunjo, na usiende peke yako. Kumbuka pia maji ya ziwa hayabebi kama ya chumvi: tofauti ni asilimia 2 hadi 3 tu, haitakuharibia kipimo cha pezi.

Kilicho muhimu zaidi ni safari ya kushuka. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Ukifunga vifuniko hapa na kuteremka Kilifi, hewa ya ndani inabaki na shinikizo la Nairobi huku nje likiongezeka kama kilopaskali 19. Juu ya kifuniko cha sentimita 24 hizo ni karibu kilo 88 za kusukuma ndani. Kifuniko cha mpira kinazama na hakifunguki, na kwenye ganda kuukuu ukuta wa ndani unaanza kuachia gundi. Ukirudi juu ni kinyume, vinavimba. Safiri vifuniko vikiwa wazi au vimelegezwa. Na kwenye kila ukuta wa ndani, karibu na sitaha, toboa tundu la milimita 2. Maji yanayopita hapo ni matone, hewa inapita vizuri.

mwendo_pole (Kasarani)

Naomba kudandia. Yangu ni ya plastiki, ile ya kumiminwa. Tumbo limebonyea ndani sehemu mbili na inayumba njia nzima. Pezi la epoksi litashika?

resini_na_msasa

Halitashika, ndugu. Plastiki hiyo ni polithini, epoksi inabanduka kama ganda. Lakini mbonyeo mwingi unatokana na kukazwa mikanda juu ya vyuma viwili vya gari, na unarudi. Iweke juani mchana ikiwa imepinduliwa, funika sehemu iliyobonyea kwa nailoni nyeusi. Plastiki ikiwa moto na laini kiganjani, sukuma kutoka ndani kwa kipande cha ubao kilichovikwa taulo, kaza kwa gongo kati ya sitaha na tumbo, kisha mwagia maji baridi nje na uache gongo humo hadi kesho. Ikirudi nusu, rudia siku ya pili. Usitumie moto wa gesi, sehemu inayong'aa ghafla ndiyo inayokaribia kutoboka.

Pezi kwako ni la kufungwa kwa bolti za chuma kisichoshika kutu, milimita 6, na washa za mpira nje na sahani pana ndani. Bolti zisikazwe mpaka plastiki ibonyee, maana itaendelea kutambaa chini ya washa na baada ya miezi michache zinaanza kuvuja. Na ukisafirisha, ifunge ubavu, au juu ya vyuma vilivyovikwa povu pana karibu na kuta za ndani, kamba ikikazwa kwa mkono tu.